Jiwe Tulilosafiri Nalo Ijumbi

Baba mdogo Byabato alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Kashai, nampimia mteja sukari. Akasema, "Anatolia, Yoeli amekufa. Mtumbwi umepinduka leo asubuhi wakitoka kisiwani na dagaa. Mwili tunao. Sasa nisikilize, na usilie."

Usilie, eti! Yoeli ni mdogo wangu, tumbo moja, nimembeba mgongoni utoto wangu wote. Nilibaki nimeshika upawa juu ya mizani, sukari inamwagika kaunta nzima, mteja amenitolea macho. Nilitaka kumwambia baba mdogo arudie, labda nimesikia jina lisilo lenyewe, lakini yeye alikuwa ameshahamia jambo la pili.

"Hellen asijue," akasema. "Mfuate shuleni kabla hajawasha simu yake. Protase anakuja na gari. Mlete hapa Ijumbi, asikie akiwa nyumbani, mbele ya wazee, wanawake wamemshika. Njiani asiambiwe neno. Umenielewa?"

"Nimwambie tunakwenda kufanya nini?"

Akajibu, "Mwambie mambo ya lile jiwe lenu. Mwambie watu huku wana hofu, wanamtaka mwalimu aje awaeleze." Akakata simu.

Ndivyo tunavyofanya kwetu, wala sikuona ajabu. Mke wa marehemu haambiwi barabarani. Kule Kaagya kuna mama aliambiwa akiwa juu ya bodaboda, akajiachia, wakazika wawili. Nilifunga duka, nikanawa uso kwa maji ya ndoo, nikajitazama kwenye kioo cha kutengenezea nywele. Uso ulikuwa wangu, ila nilihisi kama nimeuazima.

Nieleze hilo jiwe. Hellen ni mke wa Yoeli, mwalimu wa fizikia hapa mjini, na mwaka huu amekuwa maarufu kwa sababu ya jiwe la angani. Mashirika ya anga ya Marekani na Ulaya yalitangaza kwamba kuna jiwe kubwa huenda likaigonga dunia miaka saba ijayo, na katika ramani ya mahali linapoweza kuangukia, Afrika nayo ilikuwemo. Kwanza wakasema uwezekano ni moja katika mia. Ukapanda ukafika tatu. Watu wakaanza kutumiana picha za moto kwenye simu. Halafu ghafla wakasema hapana, halitugusi, tuendelee na shughuli zetu. Baadaye tena wakasema huenda likaugonga mwezi. Mimi nikasema wamelihamishia mwezini ili tuache kuuliza maswali.

Mchungaji wetu alichoka kusikia minong'ono, akamwomba Hellen aseme neno Jumapili baada ya ibada, wakati wa mnada wa mavuno. Kwa hiyo mkungu wa ndizi ukauzwa, jogoo akauzwa, kisha ikaja zamu ya jiwe. Nani alisimama kumpinga? Mimi, wifi yake.

"Mwalimu," nilisema, "sisi tukimwita mtu kwenye msiba tunasemaje? Tunaanza na anaumwa kidogo. Akiwa njiani tunasema amezidiwa. Akikaribia tunasema sasa ametulia. Hao watu wako wa anga walianza na moja, wakaenda tatu, leo wanatuambia jiwe limetulia. Waongo! Wanajua, wanatuficha. Mimi natafuta kitambaa cheusi."

Watu walipiga makofi, wengine wakaguna maana hoja iliwaingia. Hellen hakukasirika. Alisema, "Wifi, sisi tunapandisha habari kidogo kidogo kwa sababu mwisho tunaujua, tunamkatia mtu vipande. Wao mwisho walikuwa hawaujui. Kila walipolitazama tena walijua zaidi, wakasema walichokijua siku hiyo, hata kama kesho yake kingewaaibisha. Na hesabu zao ziko wazi, mtu yeyote duniani mwenye darubini anaweza kuwaumbua. Jambo kubwa namna hiyo halifichiki."

Yoeli alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, na lile koti lake linalonuka samaki hata likifuliwa. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na likianguka ziwani, mwalimu, bei ya dagaa itapanda au itashuka?" Kanisa zima likacheka, mchungaji akashika tumbo. Huyo ndiye Yoeli, akikuta watu wawili wanabishana anakaa katikati na kuwachekesha.

Ndiye huyo niliyetumwa kumficha kwa mkewe.

Nilimkuta Hellen anatoka darasani. Alivyosikia kwamba Ijumbi wanataka kuelezwa habari za jiwe, alifurahi mpaka nikaona aibu. "Wifi! Wewe ndiye umekuja kuniita? Wewe?" Akarudi ofisini mbio, akatoka na tufe la dunia la shule, lile la plastiki lenye stendi. "Wazee wakiliona kwa macho wataelewa," akasema. Nikamwomba simu yake nimjulishe baba mdogo kwamba tunaanza safari, nikasema yangu haina salio. Alinipa bila kuuliza. Ilikuwa bado imezimwa. Niliitumbukiza ndani ya pochi yangu, nikaifunika na kanga.

Protase, binamu yetu, anaendesha teksi na kwa kawaida anaongea kuliko abiria wake wote. Siku hiyo alisalimia, akakaza macho barabarani. Alikuwa amevaa miwani ya jua.

Tulipanda kutoka mjini, tukapita Kyetema. Hellen alikaa kiti cha nyuma pamoja nami, tufe mapajani, analizungusha kwa kidole. Nilijua nikinyamaza atashtuka, kwa kuwa tangu aolewe hajawahi kuniona nimenyamaza. Ikanibidi nibishane naye, huku moyo wangu uko chini ya maji na mdogo wangu.

"Haya niambie," nikasema, "jiwe lingekuwa linakuja kweli, wangetuambia?"

"Wangetuambia."

"Watu wangechanganyikiwa. Wangeacha kulima, wangekimbia wasikokujua. Mimi ningekuwa mkubwa wa shirika ningekaa kimya. Ningewaacha watu wale, walale, wacheke siku zao zilizobaki. Habari nyingine mtu haiwezi akiwa njiani."

Maneno yalitoka, nikayasikia mwenyewe, nikaogopa. Hellen akacheka kwa sauti. "Wifi, umehama upande! Kanisani uliwatukana kwa kuficha, leo unawatetea kwa kuficha?"

"Nauliza tu, mwalimu. Unajua kueleza wewe."

"Unanisifu tena! Leo mvua itanyesha mawe." Kisha akaacha kucheka, akalisimamisha tufe kwa kiganja. "Lakini mimi, wifi, ningetaka kuambiwa. Hata kama imebaki saa moja tu. Hiyo saa ni yangu. Waniachie niilie, niisalie, nifanye ninavyotaka. Mtu anayejua akiniacha nicheke huku ananitazama, huyo sitamsamehe."

Protase akakohoa. Mimi nilitazama migomba ikipita dirishani. Nilimkasirikia baba mdogo, nikamkasirikia Protase na miwani yake, nikamkasirikia Yoeli kwa kupanda mtumbwi asubuhi ile kana kwamba hapakuwa na asubuhi nyingine.

"Jana usiku kaniambia kwa simu," Hellen akaendelea, sauti imekuwa ya utani tena, "eti jiwe likija ziwani yeye atakuwa wa kwanza kulidaka kwa wavu. Nikamwambia litakuchoma. Akasema nitaliuza limeiva."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilifungua mdomo nikatoa kicheko, na kilifanana kabisa na kicheko.

Kemondo Protase alisimama kuweka mafuta. Tukiwa tumekaa garini, akatokea Petronila, mama anayechukua dagaa wa Yoeli kuwauza rejareja, ndoo kichwani. Alimwona Hellen akatua ndoo chini. Akaja dirishani na mkono kifuani, macho mekundu. "Mwalimu," akasema, "waitu, mwenzetu, pole. Pole sana, mama."

"Pole ya nini?" Hellen akauliza huku anatabasamu.

Petronila akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana nilimkazia macho kama mtu anayefukuza mbwa. Akababaika. "Pole na... na kazi. Na safari." Akachukua ndoo yake, akaondoka haraka bila kutaja hata bei.

Gari likaondoka. Nilianzisha habari za bei ya kahawa, akaitika mhu. Nikauliza mwezi ukigongwa na hilo jiwe tutaona nini, akasema labda vumbi. Lilikuwa swali zuri, na kwa kawaida angelijibu mpaka tufike. Nikajua ameanza kuhesabu. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kutazama vitu vidogo na kuuliza vinaelekea wapi.

Tulipofika Muhutwe akasema, "Wifi, naomba simu yangu."

"Imeisha chaji."

"Haijaisha. Ilijaa asubuhi, nikaizima mwenyewe kwa ajili ya kipindi."

Nikaibana pochi kwapani. Akaendelea polepole, hakunitazama. "Petronila kila akiniona ananitania. Leo kashika kifua. Protase amevaa miwani ya jua na kuna wingu. Baba mdogo tangu niolewe hajawahi hata kuniuliza ninafundisha somo gani. Na wewe umenisifu. Ni nani, wifi? Ni mama?"

"Mama yetu hajambo, yuko palepale kitandani kwake."

"Ni nani?"

Sentensi niliyofundishwa tangu nikiwa msichana ilikuwa tayari mdomoni, ikatoka yenyewe. "Yoeli anaumwa kidogo."

Hakupiga kelele. Vidole vyake vilikuwa vimelishika tufe mpaka plastiki ikabonyea. "Hiyo ni moja katika mia," akasema. "Sasa?"

"Amelazwa Muleba. Amezidiwa kidogo."

"Hiyo ni tatu." "Usinikatie vipande, Anatolia. Wewe mwisho unaujua. Nimekuuliza, niambie."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Protase akageuza shingo. "Dada, baba mdogo alisema mpaka..."

"Endesha gari, Protase!" nikamfokea. Kisha nikamgeukia Hellen, nikamshika mkono, na nikashikilia mlango wa upande wake kwa mkono mwingine, kwa sababu ya yule mama wa Kaagya. "Amekufa, Hellen. Mtumbwi umepinduka asubuhi wakitoka kisiwani. Mwili uko nyumbani Ijumbi. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, sijabakiza."

Hakuruka. Hakufanya lolote kati ya yale tuliyoogopa. Alikaa mdomo wazi, ananitazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Tufe likateleza likaanguka miguuni, likabingirika chini ya kiti cha Protase.

"Tangu asubuhi," akasema hatimaye. "Nimecheka tangu shuleni. Mmeniacha nicheke."

Protase alisimamisha gari pembeni, karibu na shamba la kahawa la watu. Hellen akafungua mlango, akaenda hatua chache, akainama, akashika magoti. Ndipo sauti ikamtoka, kilio chetu cha Kihaya cha kumwita mama. "Mawe! Mawe, Yoeli!" Watu waliokuwa wanachuma kahawa wakasimama wakavua kofia, hawakuhitaji kuambiwa. Mimi nilisimama nyuma yake na mikono yangu haijui pa kwenda. Niliogopa kumgusa. Nilidhani ananichukia, na nikaona ana haki.

Alilia mpaka akakauka. Akajifuta kwa upindo wa gauni, akanigeukia. Akanitazama vizuri, kama ananiona mara ya kwanza siku hiyo.

"Na wewe uliambiwa na nani?"

"Baba mdogo. Kwa simu."

"Ukiwa wapi?"

"Dukani. Napima sukari."

"Ulikuwa na nani?"

"Na mteja."

"Akakwambiaje?"

"Akaniambia Yoeli amekufa, nisilie."

Hellen akashika mdomo. "Hakuna aliyekushika?" akauliza. "Wifi, mdogo wako, na hakuna hata mtu mmoja aliyekushika?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nililia kwenye bega la mwanamke niliyetumwa kumshika, na yeye ndiye aliyenishika, kwenye nyasi za watu, na Protase amesimama kando na miwani yake mkononi, naye analia.

Tulifika Ijumbi jioni haijaingia. Uwanja ulijaa watu na ulikuwa kimya kabisa. Turubai lilikuwa limefichwa nyuma ya nyumba, masufuria makubwa yamefunikwa kwa majani ya migomba, wanawake wamejipanga karibu na njia, wawili wenye nguvu mbele. Kila mtu alikuwa anamzuilia Hellen kilio chake. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa wengine mara nyingi, na siku ile niliutazama uwanja wetu nikashangaa jinsi tulivyo mafundi.

Baba mdogo Byabato alikuja na fimbo yake, uso ameulainisha. "Hellen mwanangu, karibu nyumbani, pole na safari. Tumekuita kwa sababu Yoeli alipata shida kidogo huko ziwani..."

"Najua, baba," Hellen akasema kwa heshima. "Amekufa."

Fimbo ikabaki hewani. Wanawake wawili wenye nguvu wakatazamana. "Nani amekwambia?"

"Nilimuuliza wifi, akanijibu."

Baba mdogo akanivuta kando, nyuma ya gari. Alikuwa na hasira mpaka mate yanaruka. "Nilikuambia nini? Angejitupa barabarani ungewaambia nini watu? Wewe mdomo wako, Anatolia, utatuua!" Nami nilikuwa na ya kumjibu, mengi sana, nimeyapanga tangu Muhutwe. Nilishafungua mdomo.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. "Ni Anatolia huyo? Njoo, mwanangu."

Ilikuwa ya mama yetu, Kokwijuka. Miguu yake imekufa ganzi siku nyingi, hatoki kitandani. Baba mdogo akanikamata mkono, hasira yote imemtoka. Akaninong'oneza, "Hajui. Tumemwambia Yoeli yuko hospitali Muleba, anaumwa kidogo. Moyo wake si mzima. Leo acha hivyo, kesho tutamwambia amezidiwa. Tafadhali, binti yangu."

Uwanja mzima, watu wote wale, jeneza chumba cha pili, na mama amelala nyuma ya ukuta ule bado yuko kwenye moja katika mia! Nikautoa mkono wake taratibu, nikaingia ndani.

Mama alikuwa ameegemea mto, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kama anakwenda ibadani. Redio yake ndogo ilikuwa pembeni yake, kimya. "Wanasemaje huko Muleba?" akaniuliza.

Nilifunga mlango. Nilikaa kitandani kwake, nikaishika mikono yake yote miwili, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku nzima. "Mae," nikasema, "Yoeli hayuko Muleba. Amekufa leo asubuhi ziwani. Yuko hapa, chumba cha pili."

Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Alinitazama, machozi yakaanza kuteremka bila uso wake kubadilika.

"Nilijua tangu walipochomoa betri za redio yangu, nisisikie matangazo ya vifo," akasema. "Nimekaa hapa kutwa nzima, nasikia watu wanakuja na hakuna anayesalimia kwa sauti. Nilikuwa nangoja nione ni nani kati yenu ataniambia."

Akanivutia kifuani kwake, akashika kichwa changu kama nilipokuwa mdogo. Kisha akavuta pumzi, akalia kwa sauti ile kubwa ya zamani, jina la Yoeli, na nje uwanja wote ukaitikia.